Meza ya michanganyiko: shajara ya klabu ya sayansi, Mwanza

Jumamosi, wiki ya mvua kubwa

Tumeanza. Mradi ni kutengeneza meza ya kudumu ya aina za michanganyiko kwenye kona ya darasa la sita, na kila kitakachowekwa juu yake kipatikane hapahapa Mwanza: sokoni, mwaloni (ufukweni samaki wanaposhushwa), jikoni au kando ya barabara. Hatuagizi chochote kutoka maabara.

Watoto wetu mada hii wanaijua kwa kukariri. Ukiwauliza mchanganyiko ni nini, watakujibu kwa pumzi moja kwamba ni vitu viwili au zaidi vilivyowekwa pamoja bila kuungana kikemia, na vinaweza kutenganishwa. Jibu ni sahihi kabisa. Lakini wawekee mbele yao glasi ya maji ya ziwa, waulize hii ni aina gani ya mchanganyiko, darasa zima linanyamaza.

Nadhani najua wanapokwamia. Tumezoea kuwapa mafungu mawili tu: mchanganyiko linganifu, ambao kila sehemu yake iko sawa na nyingine, na usio linganifu, ambao unaona wazi hiki ni hiki na kile ni kile. Maji ya chumvi huku, mchele na kokoto kule. Vitu vingi ambavyo mtoto wa Mwanza anaviona kila siku vimekaa katikati: maziwa, moshi wa jiko, ukungu wa alfajiri juu ya ziwa, maji ya mto Mirongo mvua ikishanyesha. Hivyo vya katikati ndivyo koloidi, na ndivyo nitakavyovipa nafasi kubwa zaidi mezani.

Kinachotenga mafungu haya ni ukubwa wa chembe. Zikiwa chini ya nanomita 1, huo ni myeyusho. Kati ya nanomita 1 na 1,000, ni koloidi. Zikizidi hapo, ni mchanganyiko unaotuama. Nanomita 1 ni milimita 1 iliyogawanywa mara milioni, kwa hiyo hakuna rula itakayotusaidia. Tutatumia maswali matatu ambayo mtoto anaweza kuyajibu kwa macho yake: Ukikiacha kimetulia, kinatuama? Ukikichuja, kuna kinachobaki juu ya chujio? Ukikimulika gizani, unauona mkondo wa mwanga ndani yake? Kila chupa itakaa na kadi yenye maswali hayo, na majibu watayaandika wao.

Jumatatu

Chumvi na sukari. Hapa hatukukaa sana, kwa sababu wanavijua. Jambo jipya kwao lilikuwa kikomo. Tulipima mililita 100 za maji, tukaongeza chumvi kijiko baada ya kijiko huku tukikoroga, hadi ikakataa kuyeyuka. Kwa joto la kawaida, maji hayo hubeba kama gramu 36 za chumvi na hayaongezi. Sukari hubebwa kwa wingi zaidi, kama gramu 200 kwa mililita 100 hizohizo. Binti mmoja aliuliza kwa nini maji "yanapenda" sukari kuliko chumvi. Swali zuri, nimelibandika ukutani tutalirudia.

Jioni tulichemsha maji ya bomba tukiwa na kipimajoto. Kilipanda hadi nyuzi 96 kikasimama, na maji yalikuwa yanachemka kwa nguvu. Vijana wakasema kimeharibika, maana kitabu kinasema 100. Kipimajoto ni kizima. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayogandamiza maji hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, ndiyo maana maji yetu huchemka mapema. Kisha tukatia gramu 58 za chumvi kwenye lita 1 ya maji yaleyale. Kilipanda kwa karibu nyuzi 1 zaidi. Nikawaambia waandike hilo kwa herufi kubwa: maji matupu yana kiwango chake cha kuchemka mahali ulipo, lakini myeyusho hubadilika kulingana na kiasi ulichotia. Hata kama macho hayaoni tofauti, joto linaiona.

Sufuria ikaachwa jikoni hadi maji yakakauka. Chumvi ikabaki nyeupe chini. Wakaionja.

Jumatano

Mawe. Mwanza tumezungukwa na mawe na hatujawahi kuyafundishia kemia. Tuliokota vipande vya kokoto mahali akina mama wanapopasulia, tukavisafisha, tukavitazama kwa lenzi. Punje za kijivu zinazong'aa kama kioo ni kwatzi. Nyeupe au za waridi ni felspa. Vile vidoa vyeusi vinavyometameta ni mika. Hiyo ni granaiti, mchanganyiko wa yabisi kwa yabisi, usio linganifu, na punje zake unaziona bila hata lenzi ukiwa na subira. Jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga, ambalo kila mgeni hupigia picha, lina habari hiyohiyo.

Hewa tuliipitia haraka: karibu asilimia 78 naitrojeni, 21 oksijeni, argoni isiyofika 1, na vingine kidogo. Ni mchanganyiko wa gesi kwa gesi, na ni linganifu.

Kilichowashika zaidi ni gesi iliyo ndani ya maji. Walidhani samaki anapumua ile O ya H₂O. Hapana, anapumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na hiyo ni kidogo mno. Maji ya nyuzi 25 katika mwinuko wetu hubeba takriban miligramu 7 tu kwa lita. Yakipata joto zaidi, yanabeba pungufu. Sangara haivumilii oksijeni ikishuka, ndiyo maana huwa kati ya wa kwanza kuelea wakiwa wamekufa maji ya chini yasiyo na hewa yakipanda juu. Watoto wa wavuvi waliwahi kuona samaki wakielea hivyo, wakabishana muda mrefu kuhusu sumu. Nimewaachia mjadala, lakini neno "myeyusho" sasa wanalitumia wakiongelea ziwa, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Jumamosi, Mwaloni Kirumba

Tulikwenda na kikundi kidogo kuona dagaa. Mama mmoja aliyekuwa anapakia magunia alitukubalia tukae naye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnanunua au mnatazama?"

Tulimweleza tunajifunza kutenganisha michanganyiko. Akacheka, akasema basi tumefika kwa mwenyewe, maana maisha yake yote anatenganisha dagaa na mchanga.

Dagaa wa ziwani wengi huanikwa juu ya mchanga wa ufukweni. Wakikauka, mchanga umeshaganda kwenye magamba. Dagaa wa mchanga huuzwa kwa bei ya chini, wengi wao huishia kwenye chakula cha kuku. Wanaoanikwa juu ya chanja, yaani vichanja vya miti vilivyotandikwa wavu, hutoka safi, na bei yake ni nyingine kabisa.

Nilimwomba awaonyeshe vijana anavyofanya. Kijana mmoja alitangulia kusema wapepete, kama mpunga. Mama akamwambia, "Hapana baba. Mpunga unapepeta kwa sababu makapi ni mepesi, yanaondoka na upepo. Huku mchanga ndio mzito. Ukipepeta, upepo utabeba dagaa, mchanga ukubakie kwenye ungo." Akachukua wavu wenye matundu madogo uliokazwa kwenye fremu ya mbao, akamwaga dagaa, akatikisa kwa mikono miwili, fupifupi, bila kuwarusha juu. Mchanga ukashuka chini kwenye turubai kwa sauti ya mvua nyembamba. Kisha akachukua konzi ya waliobaki, akawatia kwenye ndoo ya maji. Dagaa wakavu wakaelea. Akawageuzageuza taratibu kwa vidole, akawakusanya kwa juu kwa viganja, akamwaga maji. Chini ya ndoo palikuwa na tabaka la mchanga mweusi ambao chekecheo halikuutoa.

Somo zima la kutenganisha michanganyiko lilikuwa pale. Unatafuta tabia ambayo vitu viwili vinatofautiana, unaipa kazi. Vikitofautiana kwa ukubwa, unachekecha. Vikitofautiana kwa uzito, unaviacha majini vijipange. Upepo ni mzuri pale tu unachotaka kukiondoa ndicho chepesi. Hakuna kitabu kilichowahi kunieleza kupepeta kwa upande wa pale kunaposhindwa, na nimeandika maneno ya mama yule kwenye kadi ya chupa ya dagaa neno kwa neno.

Jumanne jioni, kwa mafundi wa injini

Injini nyingi ndogo za boti hapa ufukweni ni zile zinazotaka petroli ichanganywe na oili kabla ya kuwashwa. Fundi alitupimia: oili lita 1 kwa petroli lita 50, ambayo ni mililita 20 kwa kila lita. Oili ilikuwa ya kijani. Ilipomwagwa ilishuka kama uzi, akatikisa dumu, uzi ukapotea, petroli yote ikawa na ukijani hafifu toka juu hadi chini. Mchanganyiko linganifu wa kimiminika kwa kimiminika. Watoto walisimama mbali, petroli ilishikwa na fundi peke yake, na hapakuwa na moto wala sigara karibu.

Kisha akatuonyesha ugonjwa wanaokutana nao: petroli iliyoingiwa na maji. Aliimimina kwenye chupa nyeupe ya plastiki, akaiacha kidogo. Maji yakakaa chini, petroli juu, na kati yao mstari uliokatika sawasawa. Petroli uzito wake ni kama robo tatu ya uzito wa maji ya ujazo uleule. "Mwalimu, ukiyaona haya usiwashe," akasema. "Unachota ya juu, ya chini unamwaga." Hiyo njia ya kutenganisha ina jina kwenye vitabu, lakini fundi haihitaji jina.

Kwa nini oili inakubali petroli na maji hayakubali? Molekuli za maji zina upande wenye chaji hasi na upande wenye chaji chanya, zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Petroli na oili hazina pande hizo, kwa hiyo hazina cha kushikana na maji. Ndiyo sababu vilevile sukari inayeyuka vizuri majini: molekuli yake ina sehemu nyingi za kushikana nayo. Nikamwita yule binti wa Jumatatu, nikamwonyesha.

Shuleni tulirudia kwa mafuta ya alizeti na maji. Ukitikisa, yanakuwa meupe, ukiacha yanajitenga. Ukitia sabuni ya maji kidogo ukatikisa tena, weupe unakaa. Kila molekuli ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Inazunguka kila tone la mafuta na kulizuia lisiungane na mwenzake. Hiyo ni emulsheni, na emulsheni ni lango la kuingilia kwenye koloidi.

Alhamisi, maji ya ziwa

Sasa tumefika penyewe. Maji tulichota baada ya mvua, upande ambao mifereji ya mji humwaga. Hakuna mtoto aliyekanyaga majini. Tulitumia ndoo yenye kamba kutoka juu ya gati, kwa sababu kichocho kiko kwenye fukwe zetu na minyoo yake huingia kupitia ngozi. Naomba yeyote atakayeiga mradi huu asilegeze hapo.

Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulijaza chupa ndefu ya kioo, tukaiweka juu ya kabati ambapo hakuna atakayeitikisa. Mchanga ulishuka kabla hatujamaliza kufunga kifuniko. Kesho yake kulikuwa na tope laini chini. Lakini maji ya juu bado yalikuwa na ukungu wa kahawia, na ukungu huo haukuondoka.

Nikawapigia hesabu ubaoni. Chembe ya udongo yenye kipenyo cha maikromita 2, yaani nanomita 2,000, hushuka kama sentimita 30 kwa siku kwenye maji yaliyotulia kabisa. Ukiifanya chembe iwe ndogo mara 10, kasi inapungua mara 100: milimita 3 kwa siku. Hapo nje ya hesabu kuna joto la mchana linalosogeza maji, kuna mtu anayefunga mlango kwa nguvu. Chembe ya namna hiyo haifiki chini. Na molekuli za maji zenyewe zinaigonga kila upande bila kupumzika. Robert Brown aliona mtikisiko wa aina hiyo chini ya hadubini mwaka 1827, kwenye chembe ndogo zilizotoka ndani ya mbelewele, yaani unga wa maua.

Kuchuja tulijaribu kwa kanga iliyokunjwa, kisha kwa pamba iliyojazwa kwenye shingo ya chupa. Kanga ilizuia majani na vijiti. Pamba ilizuia zaidi. Ukungu ulipita vyote viwili. Mtu mzima yeyote anayechuja maji ya ziwa kwa kitambaa anapaswa kuliona hili kwa macho yake: kilichopita ni kile ambacho kitambaa hakina uwezo nacho.

Jaribio la mwanga lilifanyika ndani ya stoo, madirisha yamezibwa kwa magunia. Tulitoboa tundu dogo kwenye karatasi nene nyeusi, tukaibandika kwenye tochi ya simu. Glasi ya maji ya chumvi: mwanga ulipita, ndani ya maji hakuna kitu. Glasi ya maji yenye tone moja la maziwa: mkondo ukajichora toka upande huu hadi ule. Glasi ya maji ya ziwa yaliyolala usiku kucha: mkondo, tena mnene zaidi. Chembe za koloidi ni kubwa kiasi cha kutawanya mwanga, za myeyusho ni ndogo mno. John Tyndall alilichunguza jambo hili miaka ya 1860, na jina lake ndilo lililobaki.

Mtoto wa mvuvi alikuwa wa kwanza kuongea. "Mwalimu, ndiyo maana usiku wa ukungu taa za dagaa zinaonekana zina miguu." Ndiyo, hasa. Ukungu ni matone ya maji yaliyotawanyika hewani, mwanga wa taa unatawanywa nayo, na ile "miguu" aliyoiona akiwa pwani na baba yake ni mkondo uleule uliokuwa kwenye glasi. Nimemwandikia kadi aieleze yeye.

Ijumaa na Jumamosi, shabu na mlonge

Udongo mfinyanzi majini hubeba chaji hasi. Kila chembe ina chaji ileile, kwa hiyo zinasukumana na haziungani. Hiyo ndiyo siri ya ukungu kutotuama. Ukitaka zishuke, usihangaike na chujio kwanza, ondoa msukumano.

Tulipanga glasi za maji yaleyale. Ya kwanza hatukutia kitu. Ya pili tulitia chumvi ya kula. Ya tatu tulitia unga kidogo wa shabu, ile shabu ya mawe inayouzwa sokoni, ambayo vinyozi huipitisha kidevuni wakishanyoa. Ya nne tulitia maji ya mbegu za mlonge.

Shabu ina ioni (chembe yenye chaji) ya alumini yenye chaji chanya tatu, sodiamu ya chumvi ina moja tu. Mtu angedhani nguvu yake ni mara tatu. Sivyo. Katika kuvunja koloidi, ioni yenye chaji tatu ina nguvu mara mamia kuliko yenye chaji moja. Tukakoroga kwa kasi kidogo, kisha polepole sana kwa kama dakika 10, kisha tukaacha. Kwenye glasi ya shabu, watoto walisogeza nyuso hadi pua zikagusa kioo. Kwanza maji yalionekana kama yana vumbi. Vumbi likawa punje. Punje zikashikana zikawa madonge mepesi yenye pindo za manyoyamanyoya, yakaanza kushuka, yakizoa mengine njiani. Maji ya juu yakawa meupe, yaani maangavu. Glasi ya chumvi ilibaki karibu na ile isiyotiwa kitu, ingawa ukitia chumvi nyingi sana nayo hufanya kazi. Ndiyo sehemu ya sababu ya tope la mto kama Rufiji kushuka linapokutana na Bahari ya Hindi na kujenga delta, ilhali ziwa letu, lenye maji baridi yasiyo na chumvi nyingi, linaendelea kubeba tope lake.

Mlonge ulifanya kazi pia, taratibu zaidi. Mbegu zilizokomaa na kukauka humenywa, zikatwangwa hadi unga, ukachanganywa na maji safi kidogo, ukachujwa kwa kitambaa, kisha maji yale meupe ndiyo yanayotiwa. Kipimo kinachotumika sana ni mbegu 1 kwa lita, au 2 maji yakiwa machafu sana. Ndani ya mbegu kuna protini zenye chaji chanya, na hizo zinafanya kazi ya alumini. Wanawake wa Sudan wamekuwa wakisafisha maji ya mto Nile kwa mbegu hizi tangu zamani. Nile Nyeupe inatoka ziwa hilihili, pale Jinja, kwa hiyo wanafunzi walipenda sana kujua maji yetu huko yaendako hukutana na mti ulio uani kwetu. Jambo moja tu: maji ya mlonge yasiwekwe muda mrefu, kwa kuwa mabaki ya mbegu huoza, yatumike siku hiyohiyo.

Hapa nilisimamisha kazi, nikasema jambo ambalo naliona kubwa kuliko meza yote. Maji meupe hayajawa maji salama. Bakteria wengi wana urefu wa kama maikromita 1 au 2; wengi wao hushuka na madonge, lakini wanaobaki wanatosha kuleta kipindupindu. Na kilichoyeyuka kabisa, iwe chumvi au sumu, kwa sehemu kubwa shabu haikigusi. Kwa hiyo baada ya kutuamisha na kuchuja, chemsha au tia dawa ya klorini. Dawa hiyo nayo hufanya kazi vizuri zaidi kwenye maji yaliyotolewa tope, maana tope huila. Watoto waliandika mpangilio kwenye karatasi ya kupeleka nyumbani: tuamisha, chuja, ua vijidudu. Mzazi mmoja amenipigia kuuliza shabu kiasi gani kwa ndoo. Nimemwambia aanze na kidogo sana na aongeze hadi aone madonge, kwani ikizidi maji huwa makali mdomoni.

Jumatano, maziwa

Tulinunua maziwa fresh kwa mfugaji. Yakimulikwa, mwanga hautoki upande wa pili. Tulilazimika kuyazimua kwa maji mengi. Yakiachwa, mafuta hupanda juu, kwa sababu matone ya mafuta mengi yana ukubwa wa maikromita kadhaa na ni mepesi. Kasini, protini yake kuu, iko kwenye vifurushi vya nanomita kama 100 hadi 200, na hiyo haipandi wala haishuki. Kwa hiyo ndani ya maziwa kuna sukari iliyoyeyuka, kuna koloidi ya protini, kuna emulsheni ya mafuta, vyote kwenye kikombe kimoja. Ndiyo maana sipendi mtoto aulizwe "maziwa ni mchanganyiko wa aina gani" akitegemewa jibu la neno moja.

Tukakamulia ndimu. Maziwa yakakatika, mabonge huku, maji ya kijanikijani kule. Vijana wawili wakasema kwa pamoja, "Kama shabu!" Sikuwa nimewadokeza. Vifurushi vya kasini navyo hubeba chaji hasi, asidi ya ndimu huiondoa, na pH (kipimo cha uasidi) ikifika karibu 4.6 havisukumani tena. Maziwa ya mgando yanafika hapohapo kwa njia ya bakteria wanaotengeneza asidi. Wafugaji wakitikisa maziwa ndani ya kibuyu hadi siagi ijitenge, wao wanavunja ile emulsheni: matone ya mafuta yanagongana, yanaungana, na mwishowe maji ndiyo yanabaki yametawanyika ndani ya mafuta. Mtoto wa familia ya wafugaji ameahidi kuleta kibuyu.

Thomas Graham, mkemia wa Uskoti, ndiye aliyetoa jina la koloidi mwaka 1861, baada ya kuona kwamba chumvi na sukari hupita kwenye utando mwembamba na gundi haipiti. Jaribio lake tutalifanya kwa utando wa yai au utumbo wa mbuzi uliosafishwa, nikipata.

Alhamisi, swali la Geita

Kijana ambaye mjomba wake anachimba dhahabu Geita aliuliza kama dhahabu na zebaki ni mchanganyiko au ni kitu kipya. Ni mchanganyiko wa metali, aina ya aloi, kama shaba ya njano ilivyo shaba na zinki. Ndiyo maana mchimbaji akiuchoma, zebaki inaondoka kama mvuke na dhahabu inabaki. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, lakini huanza kutoa mvuke hata bila kuchomwa, na mvuke huo unaharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulitungwa kwa ajili ya kuipunguza duniani. Nimemwambia amwombe mjomba asichome ndani ya nyumba wala karibu na sufuria ya chakula, na kama wanaweza kupata chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke kuwa kimiminika, wakitumie. Zebaki haitawekwa mezani, hata tone.

Jumamosi, hali ya mradi

Meza imesimama. Kutoka kushoto: dagaa na mchanga, granaiti, maji ya tope, emulsheni ya alizeti, maji ya ziwa yaliyolala, maziwa yaliyozimuliwa, maji ya sukari, maji ya chumvi. Zimepangwa kwa ukubwa wa chembe, kubwa hadi ndogo, ili mtoto akitembea aone mpaka si ukuta bali ni mteremko. Wengine walitaka zipangwe kwa majina ya mafungu. Nimekataa, na nitaendelea kukataa.

Yaliyobaki: maziwa yabadilishwe kila asubuhi. Chupa ya maji ya ziwa iwe ya kioo na isiguswe. Fundi seremala ataitengenezea kijisanduku. Magunia ya stoo yanavuja mwanga, tunahitaji turubai jeusi. Utando wa jaribio la Graham bado. Kibuyu kinakuja wiki ijayo. Darasa la tano wameomba waonyeshwe na wenzao wa la sita bila mwalimu kuwepo, na nimekubali, isipokuwa jaribio la petroli, ambalo litabaki kuwa la kwenda kutazama kwa fundi.